Kemshafti ya Baba Fadhili

Nyumbani Newala, baada ya adhuhuri

Mwanangu Somoe,

Nina hasira. Nakuandikia nikiwa nazo hivyohivyo, kwa sababu nikingoja zipoe utakuwa umeshafika Mbeya, na mimi nitakuwa nimeshapata maneno mazuri ya kujikosha. Maneno mazuri ninayo mengi, unanijua. Leo siyataki.

Mambo ya safari mama yako amekwishakuambia mpaka umechoka. Vyeti viwe kwenye mkoba wa mkononi, ukishuka Masasi usimwachie mtu begi hata kama ana sura ya shehe, ukifika upige simu. Mimi hayo siyarudii. Nina jambo moja tu, na wewe unalijua, maana ni miezi mitatu sasa tunapishana nalo mlangoni bila mtu kulitaja.

Juzi, ulipokwishaondoka kwenda Mnyambe kumuaga bibi yako, mama yako kaniambia, tena kwa sauti ya kawaida kabisa huku anapepeta mchele, kwamba ukifika chuoni utaomba wakubadilishie kozi. Injini hutaki tena. Unataka ugavi. Ugavi! Nikamwuliza ugavi gani tena huo, akasema, "Ugavi, Baba Somoe. Mambo ya stoo na manunuzi." Nikatoka nje nikapiga teke ndoo. Ndoo yenyewe ilikuwa na maji, na maji hapa kwetu unajua tunavyoyapata. Mama yako akayatazama yanavyozama mchangani, akarudi kupepeta mchele. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Wewe Somoe, uliyekuwa na miaka saba ukiijua spana namba kumi na nne kwa kuishika tu bila kuitazama, ukakae stoo uhesabu maboksi? Siwadharau watu wa stoo. Kama ungekuwa unaipenda hiyo kazi ningekushonea hata sare. Lakini najua kwa nini unakwenda huko. Unanikimbia mimi, na injini ndizo zinabeba adhabu yangu.

Sasa nalisimulia lote, ingawa ulikuwepo. Nimelisimulia kwa uongo mara nyingi mno, kila mtu kwa namna yake, na ninataka liwepo mahali pamoja limeandikwa kama lilivyokuwa.

Mwezi wa saba Baba Fadhili alileta pikapu yake. Ile ya petroli, kuukuu, yenye tangi la lita elfu moja, ambayo kila siku ilikuwa inashuka bondeni kwenye visima na kupanda mlima kurudi huku juu kuuza maji. Injini ilikuwa inakohoa. Nikachukua bisibisi yangu ndefu, ncha nikaiweka kwenye injini, mpini sikioni, nikafumba macho, na watu wote gereji wakanyamaza kama kawaida yao. Wananiita Fundi Sikio, na mimi jina hilo nalipenda kuliko nilivyowahi kukiri. Nikasema, "Kemshafti imekwisha." Tukafungua, ikawa kweli. Yale manundu ya mhimili ule, yanayofungua valvu, yalikuwa yamelika mpaka mengine yamekuwa bapa.

Nikaenda Masasi kutafuta nyingine. Muuza vipuri alikuwa nazo mbili, zote za mtumba, zote zinaingia kwenye injini ile. Moja ilikuwa sawasawa na ya zamani. Nyingine ilitoka kwenye gari dogo la mbio, injini ya aina ileile, lakini manundu yake marefu na mapana, yanaacha valvu wazi muda mrefu zaidi. Nikaipenda nilipoitia machoni tu. Akaniruhusu nije nazo zote mbili nichague, nirudishe moja.

Wewe ukaniomba siku moja kabla ya kufunga. Siku moja tu. Ukakata duara la kadibodi, ukaligawa nyuzi mia tatu na sitini kwa kalamu, ukalibandika kwenye ncha ya kemshafti, ukaanza kuizungusha kidogo kidogo huku unapima kimo cha nundu kwa verenia, ile rula ya kubana, na kuandika. Kisha ukapima silinda, ukapima valvu, ukaingia kwenye ile programu ya kompyuta yako inayokadiria nguvu za injini kabla hujaifunga. Mimi nikasema kwa sauti, Baba Fadhili akisikia na watu wakisikia, "Huyu mtoto anaipima kemshafti suti ya harusi." Wakacheka. Na wewe ukacheka kidogo, kwa heshima yangu. Nimeukumbuka huo ucheko wako na unaniudhi mpaka leo. Ungekunja uso!

Alasiri ukaniita. Kwenye kioo palikuwa na mistari miwili, mmoja wa kila kemshafti. Ya kawaida, nguvu za farasi themanini na nne. Ya gari la mbio, farasi tisini na saba. Macho yangu yakaganda hapo kwenye tisini na saba.

Ukaniambia, nakumbuka kila neno, "Baba, ngoja kwanza. Hiyo tisini na saba iko huku mwisho kabisa, injini ikizunguka karibu mara elfu sita kwa dakika. Gari la maji likipanda mlima halifiki huko. Lenyewe linapandia huku chini, kwenye elfu mbili. Na huku chini tazama, hii ya mbio inavuta kidogo kuliko ile ya kawaida."

Nilikuwa nimeshageuka. "Baba Fadhili! Kompyuta imesema! Farasi kumi na tatu za bure!"

Mwaka mzima nilikuwa naidharau hiyo kompyuta yako. Naiita televisheni. Siku ilipotamka kitu kitamu masikioni mwangu ndiyo siku niliyoiamini, na nikaiamini nusu, ile nusu niliyoitaka. Baba Fadhili naye akafurahi, nani asingefurahi, mtu anayepanda mlima ule kila siku anaambiwa ameongezewa farasi kumi na tatu. Akasema, "Funga hiyo, Fundi."

Ukajaribu tena. Ukasema basi tuijaribu na mzigo. Nikakujibu maji ya watu hayajaribiwi, na hapo nilikuwa na haki, kwa sababu huku kwetu nani atajaza lita elfu moja kwa ajili ya majaribio halafu azipeleke wapi? Watu wanaogea bakuli. Mafundi wote wa huku juu tunajaribu magari ya maji yakiwa matupu, tumezoea hivyo tangu tulipoikuta kazi, na hakuna anayeuliza. Wewe ukauliza. Ukasema, "Basi tupakie mchanga, Baba. Viroba ishirini vya mchanga." Mchanga! Kitu pekee ambacho Newala tunacho cha kumwaga. Ningekubali, tungejua ndani ya nusu saa. Lakini watu walikuwa wamesimama, wanasikiliza binti yangu wa kidato cha sita ananipa wazo la akili kuliko langu, nami nikakukaripia: "Unanifundisha kazi?"

Tukaipeleka tupu kwenye barabara tambarare ya uwanja wa ndege. Nikaipiga resi, ikanguruma mpaka watoto wakatoka majumbani. Nikaweka bisibisi sikioni nikasikiliza. Sikio langu likaniambia injini nzima, na ilikuwa nzima kweli. Kuhusu mlima sikuliuliza.

Kesho yake Baba Fadhili akajaza tangi bondeni, akaanza kupanda. Kona ya pili injini ikalemewa. Akarudi gia namba moja, akakanyaga mafuta, ikawa inatetemeka tu haipandi mizunguko, ikazima. Hendibreki ya gari lile unaijua. Likaanza kurudi nyuma na tani ya maji mgongoni. Akaruka. Mguu ukaingia chini ya bodi, mfupa wa paja ukavunjika mahali pawili. Tangi likang'oka likapasuka, maji yakateremka barabarani, na waliokuwa wanapanda na ndoo zao kichwani wakasimama hawajui wakimbilie wapi, kwa mtu au kwa maji. Wakamkimbilia mtu. Mimi nisingekuwa na uhakika na nafsi yangu siku ile.

Jioni yake gereji ilijaa. Madereva, majirani, vijana wa bodaboda, shemeji zake Baba Fadhili wawili. Mmoja akauliza, bila hata ukali, "Fundi, ilikuwaje?" Alikuwa ananiuliza tu. Nami nikasema, "Mimi nilifunga kilichopigiwa hesabu. Muulizeni huyo mwenye kompyuta." Nikakunyooshea kidole. Hiki cha mkono wa kulia, chenye kovu, ambacho ndicho ninachoshikia kalamu sasa hivi.

Wote wakakutazama. Ulikuwa unaosha spana kwenye mafuta ya taa. Ukaziweka chini moja moja, ukafuta mikono, ukaenda nyumbani.

Kwa nini hukusema, Somoe? Hapa ndipo hasira zangu zinapopanda na kukugeukia wewe, na najua sina haki, lakini nitasema. Ungesema! Ungesema, "Baba, nilikwambia mara tatu." Ningekuzaba kibao labda, lakini watu wangejua. Wewe ukanyamaza kwa sababu tangu ukiwa mdogo nilikufundisha mtoto hambishii mzee mbele za watu. Nilikufundisha vizuri sana. Halafu siku iliyonifaa nikajificha nyuma ya adabu yako, mimi mtu mzima mwenye ndevu. Ukiniuliza ni kitu gani nimekifanya kibaya kuliko vyote tangu nizaliwe, ni hicho, na nimefanya vingi.

Kisha mama yako akanisimulia ya bombani. Kwamba ulikuwa umepanga foleni na madumu yako, akaja mke wa Baba Fadhili, ukapiga goti kidogo kama unavyofanya, ukasema, "Shikamoo, Mama Fadhili." Naye akageukia upande wa pili. Shikamoo ikabaki hewani, foleni nzima inasikia. Na ulipokwenda hospitali kumwona mume wake ikawa vilevile, mume naye akaangalia ukutani. Mtu anaweza kukutukana ukalala usingizi, lakini usalimie mkubwa usiitikiwe, hilo linakaa. Na kila asubuhi katika miezi hii mitatu unanipa mimi shikamoo yangu bila kukosa, naitika marahaba, nakwenda kazini. Nimezipokea zote. Sijui niliwezaje.

Nikueleze kitu ambacho hata mama yako hakijui sawasawa. Unajua kwamba nilisoma shule ya Chidya nikaishia kidato cha pili. Umesikia kwamba walimu walinionea. Babu yako mpaka anakufa alikuwa anaamini hivyo, na kuna mwalimu mmoja ambaye babu yako aliwahi kumnyima salamu njiani kwa ajili yangu. Hakuna aliyenionea. Nilikuwa siwezi grafu. Mwalimu akichora mistari ile miwili, huu wa kulala na huu wa kusimama, na vinukta vyake, mimi kichwa kinajaa pamba. Yule mwalimu alinibakiza mara mbili baada ya vipindi anielekeze taratibu, na taratibu yake ndiyo iliyoniaibisha zaidi. Nikafungasha nguo nikarudi nyumbani kwa miguu. Nikiwa njiani nikatunga ya kumwambia baba. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na ile kazi ya kumtwika mtu mwingine kosa langu niliiona rahisi kuliko nilivyodhani. Tangu siku hiyo sijaiacha. Injini ikiharibika ni vipuri vibovu, mteja akikasirika ni dereva wake. Ukazaliwa wewe, ukakua, ukaleta grafu ndani ya gereji yangu mwenyewe.

Sasa sikia nilichofanya siku hizi tatu ukiwa kwa bibi yako, na ucheke ukitaka.

Kompyuta uliifunga kwenye kanga kuukuu ya mama yako ukaiweka juu ya kabati la vipuri. Baada ya ile ndoo, nilikwenda kuishusha. Nilikuwa na hasira, sijui nilitaka kuifanya nini. Nilipoifungua kanga likadondoka daftari la shule, na juu ya jalada umeandika kwa wino wa buluu: HATUA ZA BABA.

Mwanangu. Nilikaa chini palepale kwenye tairi.

Umeliandika kabla ya gari la Baba Fadhili kuvunjika. Tarehe iko hapo. Umenielekeza kila kitu kwa Kiswahili, kana kwamba unamwongoza mtu asiyeona. "Baba, bonyeza hapa. Baba, hapa weka kipenyo cha silinda, kile tulichopima kwa verenia. Baba, ikikuuliza hiki acha kama kilivyo." Nikafuata. Siku ya kwanza nilikosea mpaka ikaniletea injini yenye nguvu za treni. Siku ya pili nikaenda kwenye pikapu ile, bado iko gereji imefunikwa turubai, nikaitoa kemshafti ya mbio, na ile ya kawaida ninayo, muuza vipuri hajaridhika nami mpaka leo kwa kutoirudisha. Nikakata duara langu la kadibodi. Nikazipima zote mbili upya kwa mikono yangu. Leo asubuhi mistari ikatokea. Miwili, kama ile yako, inakatana katikati. Juu, ya mbio inapanda peke yake. Chini, kule elfu mbili, iko chini ya mwenzake, na pengo unaliona hata bila miwani. Mimi niliyekimbia Chidya niliisoma grafu hiyo nikaielewa, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani nisingeielewa.

Halafu nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Umeandika: "Baba, usitazame namba kubwa ya juu. Uliza gari linafanyia kazi wapi, halafu tazama hapo. Gari la Baba Fadhili linafanyia kazi huku chini. Tafadhali funga ile ya kawaida."

Ushahidi ulikuwa nao, Somoe! Kwa mwandiko wako, na tarehe! Ungelitoa daftari hili siku yoyote, kwa mama yako, kwa shemeji zake Baba Fadhili, kwa yule mama pale bombani. Ukalifunga kwenye kanga ukaliweka juu ya kabati ukaenda kuchagua ugavi. Ulikuwa unamlinda nani? Mimi? Nani kakutuma?

Hapa nilikuwa nimeamua kumaliza. Nilikuwa nimefika mahali pa kukuomba radhi, na nilikuwa nimeshaanza kupata sentensi nzuri. Mama yako kapita na beseni akasimama nyuma yangu. "Unaandika nini?"

Nikamwambia namwandikia Somoe, namweleza ukweli wote.

Akasema, "Uongo uliusema gereji, mchana, watu wamejaa. Ukweli unataka kuutia kwenye bahasha?"

Nikamwambia anakatisha barua. Akasema, "Katika watu wote wa Newala, Somoe ndiye pekee ambaye huo ukweli hauhitaji. Anao." Akaenda zake na beseni lake.

Naweka kalamu chini. Natoka.

*

Nimerudi. Jua linakaribia kuzama, na wewe bado hujafika kutoka Mnyambe.

Nilianzia gereji. Vijana wa bodaboda walikuwepo, madereva watatu wanasubiri, na kwa bahati yangu mbaya mmoja wa wale shemeji alikuwa anajaza upepo. Nikapanda juu ya tairi la lori ili nisije nikasema kwa sauti ya chini nikajidanganya kwamba nimesema. Nikawaambia. Kwamba Somoe alipima, akasema tufunge ile ya kawaida, akasema tupakie mchanga, nikakataa, na siku mliponiuliza nikamsingizia. Wakadhani natania. Kijana mmoja akacheka. Nikamwambia, "Cheka, lakini kawaambie wenzako, na useme nimesema mimi." Shemeji mtu akauchomoa mpira wa upepo akaondoka na tairi lililojaa nusu. Hakuniaga.

Kisha nikaenda kwa Baba Fadhili na daftari lako kwapani. Alikuwa amekaa barazani, magongo yameegemea ukuta, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Amekonda. Nikamwamkia, akaitika, tunaheshimiana bado, au tulikuwa. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kisha nikampa daftari, kidole kwenye ukurasa wa mwisho. Akasoma taratibu, midomo ikicheza. Mke wake akatoka ndani akasoma begani kwake.

Baba Fadhili akauliza, "Hii tarehe ni kabla?"

"Kabla," nikasema. "Siku moja kabla."

"Kwa hiyo mguu wangu umeuvunja wewe, ukamvika mtoto lawama."

Nikasema ndiyo.

Mke wake alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Kisha Baba Fadhili akanirudishia daftari, akalifunga kwanza vizuri, akasema, "Toka kwangu."

Nikageuka. Nimefika kwenye ua, akaniita. "Fundi! Anaondoka lini?"

"Kesho asubuhi."

"Anakwenda kusomea nini?"

Nikamwambia alikuwa asomee injini, lakini sasa anasema anataka ugavi. Nikakiona kile kichwa chake kikiinama, na mke wake akasema peke yake, kwa Kimakonde, neno ambalo siliandiki, na lilikuwa linanihusu.

Baba Fadhili akasema, "Pikapu yangu ikipona, sitaki sikio lako. Nataka kipimo chake. Mwambie hivyo. Mwambie naisubiri mpaka amalize chuo ikibidi, mguu wenyewe hauna haraka." Kisha akachukua gongo moja, akajiinua, ikamchukua muda na mimi sikuthubutu kumsaidia. Akasimama. "Aliniamkia pale hospitali, nikaangalia ukuta. Na huyu mke wangu, bombani, hakumwitika. Mwambie, marahaba. Mwambie tumeitika wote wawili."

Nikauliza, "Na mimi?"

"Wewe nimeshakwambia utoke."

Nimetoka. Nimekuja moja kwa moja kukuandikia, nisije nikapoteza hata neno moja njiani.

Kompyuta yako iko kwenye begi lako, chini ya shuka la bibi, nimeifunga kwenye kanga ileile. Kemshafti zote mbili pia nimezifunga kwenye gazeti. Ni nzito, samahani, lakini wakikuuliza chuoni umeshafanya nini, waonyeshe. Ukishakwisha kuzionyesha ukaona bado roho yako inataka ugavi, nenda ugavi, mimi nitakaa kimya, nitajifunza kukaa kimya. Ila usiende huko kwa sababu yangu. Sistahili kuamua maisha ya mtu.

Daftari sikupi. Umeandika jina langu juu.

Hasira hazijaisha, na sitegemei ziishe leo. Kesho asubuhi usiniamkie kwa mazoea. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, isome kwanza. Ukiona shikamoo yangu bado ipo, nipe hapa mlangoni. Ukiona haipo, twende zetu stendi, begi nitakubebea hivyohivyo.

Baba yako